Herufi za Wakubwa

Keza mwanangu,

Umevuka mpaka kwenda Goma kumuaga bibi yako, na namjua mama mkwe wangu, hatakuacha urudi kabla hujamaliza sahani mbili za sombe, kisamvu chake. Kwa hiyo nina saa kadhaa. Nimefagia vumbi la mawe mezani, nimefunga mlango wa karakana mchana kweupe kama mtu anayedaiwa, nimekaa na kalamu. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome leo ukirudi. Usiiweke ya kusoma kwenye ndege, maana ina kazi yake kesho asubuhi.

Mambo ya sweta, ya chakula, ya kupiga simu kila Jumapili sitayagusa. Shangazi yako Dativa ameyamaliza wiki nzima, na ukisahau hata moja sauti yake itakufuata hukohuko Ulaya. Mimi nina jambo moja tu. Wiki tatu zilizopita, tukiwa mezani, uliniuliza: "Baba, kwa nini hukulirekebisha jiwe la kaburi la mama?" Nikajibu kwamba mchuzi umezidi chumvi. Ukaondoa sahani yako, na tangu siku ile tumekuwa tukisemeshana kwa adabu, "asante baba," "karibu mwanangu," kama wageni waliokutana hotelini. Sitaki uondoke hivyo. Na mchuzi haukuwa na chumvi nyingi.

Itabidi nianzie mbali. Unajua nilikulia Tanzania, Karagwe, na kwamba Kiswahili changu hiki mama yako alikiita cha redio. Nilipokuwa na umri wako, miaka ishirini na miwili, nilifanya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni. Tulipanga maneno kwa herufi za madini ya risasi, moja moja, kichwa chini miguu juu, mpaka vidole vikawa vyeusi siku zote. Kulikuwa na kabati la droo, na kila droo ilikuwa na aina yake ya herufi. Ile ya chini kabisa ilifungwa kwa ufunguo. Ndani yake kulikuwa na herufi tuliyoiita Bibi Harusi, kwa sababu ilitoka tu wakati wa kadi za harusi na kurasa za mbele za vitabu.

Wewe mchora herufi unayo majina ya kisomi ya vitu hivi, mimi nitasema nilivyoona. Kila herufi ilikuwa na mstari mnene na mstari mwembamba. Ule mnene ulisimama kama nguzo, ule mwembamba ulikuwa unywele. Na kila mstari ulipoishia kulikuwa na kijiguu, chembamba vilevile, kilichonyooka, ili herufi isimame juu ya kitu. Sijawahi kuona kitu cha mkono wa binadamu kilichotulia namna ile. Siku ya kwanza nilipoiona H yake nilisahau kula. Cheka tu, lakini wewe ndiye uliyeniamsha alfajiri mwaka juzi unionyeshe mkia wa Q kwenye kompyuta, kwa hiyo huna wa kumcheka.

Msimamizi wetu alikuwa na sharti moja kuhusu Bibi Harusi: karatasi laini tu, na ukubwa wa kutosha. Mtu akileta karatasi ya bei rahisi, ile yenye nyuzinyuzi, hapewi. Mara moja nilimwibia, nikachapa tangazo la mkutano wa wakulima kwa herufi ile kwenye karatasi mbovu, kwa kuwa nilitaka wakulima nao wapate kitu kizuri. Mistari myembamba yote ikakatika. Mkutano ukafika, watu wakaja wachache. Msimamizi hakunigombeza, alinipa tu lile tangazo anisikie nikilisoma kwa sauti, na hata mimi niliyelipanga nilikwama.

Hilo lilikuwa onyo la kwanza, Keza. Nakuhesabia ili ujue kwamba baba yako hakuanguka kwa kutojua.

La pili alinipa mama yako. Sisi wa Karagwe tulirudi Rwanda, nikafika huku Gisenyi, uchapaji wa risasi umekwisha, nikageukia vibao na mawe ya makaburi. Yeye alikuwa akileta viazi kutoka Bugeshi na kuvivusha Goma, na alikuwa na kibanda sokoni. Hatukuwa tumeoana bado. Akaniomba nimwandikie kibao. Mwanangu, nilikaa siku nne. Niliandika VIAZI kwa Bibi Harusi, vijiguu vyote, nyeusi juu ya nyeupe, Z yake ikawa kitu cha kupigiwa saluti. Nikampelekea nikiwa nimevaa shati la Jumapili.

Baada ya wiki akaja karakana. Biashara ilikuwa imepungua. Kumbe wanawake waliotoka Cyanzarwe walikuwa wakifika mbele ya kibanda, wanaona kibao, wanapita wakidhani ni ofisi ya wakili. Mzee mmoja alikuwa ameingia na hati ya shamba ili apigiwe muhuri. Mama yako alinisimulia huku ameshika kiuno, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Goma, na swali lile sijalisahau:

"We fundi, unaandikaka juu ya watu wasome, ama juu ya watu waone kama we iko fundi?"

Ili wasome, au ili wanione fundi. Nikaona aibu, nikacheka, nikamwandikia upya kwa brashi pana, herufi nene zisizo na madoido, ukizisoma hata ukiwa unakimbia mvua. Kibao cha kwanza alikichukua, akakitundika ndani kwake juu ya kitanda. Alisema ni kizuri mno kwa viazi. Nadhani siku ile ndiyo tulioana, mengine yalikuwa ya padri na mahari.

Ukitaka somo langu lote la herufi, ni swali lile la muuza viazi. Vitabu vyako vina kurasa mia nne, sivisemi vibaya, lakini sidhani vimempita.

Sasa nifike ninapoogopa.

Mama yako alipotutoka ulikuwa na miaka mitano. Sikulia vizuri, Keza. Watu walikuja, walikaa nami, waliimba, na mimi nilikuwa nawaza jiwe. Nilitaka awe na jiwe ambalo hakuna mtu Gisenyi nzima amewahi kuwa nalo. Wengine huweka saruji na vigae, mimi nilikwenda kutafuta jiwe la volkeno, jeusi, kwa kuwa alizaliwa juu ya mawe yale upande wa pili wa mpaka. Mafundi wote hapa wanalijua jiwe hilo. Lina matundu madogo kila mahali, kama mkate. Ukikata mstari mnene, sawa, litakubali. Ukikata mwembamba, mstari unaingia kwenye matundu na kupotea. Mwanafunzi wa wiki mbili anajua hilo.

Nami nililijua, nikakata Bibi Harusi. Herufi tisa, HENRIETTE, kila unywele, kila kijiguu. Nilitumia tindo ndogo kuliko zote nilizokuwa nazo, nikaziba matundu kwa saruji laini, nikajaza rangi nyeupe ndani ya mistari. Siku tuliyoliweka, watu walisogea kulitazama. Padri aligusa herufi kwa kidole. Mteja mmoja aliniambia palepale makaburini kwamba mama yake naye awekewe kama lile. Na mimi, mwanangu, mke wangu akiwa chini ya miguu yangu, nilijisikia fahari. Nakwambia ilivyokuwa. Nilisimama pale nikiwaza: sasa wameona kwamba mimi ni fundi. Swali lake alinipa bure akiwa hai, nami nikalijibu vibaya juu ya kaburi lake.

Misimu mitatu ya mvua ikatosha. Rangi ikatoka, saruji ikabanduka, ukungu ukaingia. Mistari minene ikabaki, myembamba yote ikaenda. Unajua E ikikosa mikono yake inabaki nini. T vilevile. H inabaki miti miwili. Jina la mama yako likawa uzio wa miti ulioanza kulala.

Ulikuwa na miaka minane. Ulikuwa umejua kusoma, na kusoma kulikuwa kumekulewesha, ulisoma maboksi ya sabuni, ulisoma namba za pikipiki. Nilikupeleka makaburini na maua uliyochuma mwenyewe. Ukasimama mbele ya jiwe, ukatazama muda mrefu, ukaniambia, "Baba, hapa hakuna jina."

Ningeweza kusema: lilikuwepo, nimekosea, nitalitengeneza. Maneno matatu tu. Badala yake nilikwambia, "Lipo. Hizo ni herufi za wakubwa. Ukikua utazisoma."

Ukakubali. Watoto wanatuamini kiasi cha kutisha. Juma lililofuata uliniomba karatasi kubwa, ukachukua mkaa jikoni kwa shangazi yako, tukarudi, ukaweka karatasi juu ya jiwe na kusugua mpaka mistari ikatokea. Ukaibandika ukutani juu ya kitanda chako, pale kilipokuwa kibao cha VIAZI mama yako alichokuja nacho. Kila siku ya kuzaliwa kwako ulipanda kitandani kuangalia kama sasa unaweza kusoma. Ulipotimiza tisa. Ulipotimiza kumi. Nilikuwa nasimama mlangoni na chai yangu, nakuona, na nilikunywa chai ile.

Ulipofika kumi na miwili hukupanda. Sikukuuliza, nawe hukusema. Nilijua tu kwamba umeelewa, na kwamba umeamua kuniheshimu. Hiyo ndiyo heshima iliyoniumiza kuliko zote nilizowahi kupewa.

Basi uliniuliza kwa nini sikulirekebisha. Nimejiambia sababu nyingi miaka hii. Kwamba kazi za wateja ni nyingi, na kweli, nimeandika majina ya nusu ya marehemu wa mji huu na yote yanasomeka. Mganga hajigangi. Kwamba kumgongea tindo mtu aliyelala si vizuri. Zote hizo ni chumvi ya mchuzi. Sababu yenyewe ni kwamba siku ambayo ningegusa jiwe lile ningelazimika kukwambia kwamba nilikudanganya ukiwa na maua mkononi. Kila mwaka uliopita uliuongezea ule uongo uzito, na kila mwaka nikaona heri nisubiri kidogo. Kama kuna kitu nataka uchukue Ulaya kutoka kwangu, ni hiki: kosa langu la jiwe lingechukua siku chache kulitengeneza. Lile la mlangoni na kikombe cha chai limechukua miaka kumi na minne. Utakosea huko, kila fundi anakosea. Likimbilie kosa likiwa bado bichi.

Sasa nikwambie habari za wiki hii, maana unadhani nilikuwa Cyanzarwe kwa kazi ya msalaba wa kanisa. Hakuna msalaba.

Unakumbuka Baba Aline seremala alipopita hapa, nikamweleza kwamba unakwenda kusomea kuchora herufi? Alikaa kwenye benchi akafikiri sana, kisha akasema, "Bon, donc anaenda Ulaya kusoma A, B, C? Si alizisomaka hapa? Kwani A mupaka Z hazikuishaka kutengenezwa?" Nilicheka naye, ila alipoondoka nikabaki nalo. Herufi zilishatengenezwa, ndiyo. Binti yangu anatengeneza nini? Nikaona haya kwamba mwaka mzima umekuwa ukichora herufi zako nami sijawahi kuzitazama kwa makini. Ulinionyesha kadi ya harusi ya binti wa jirani, kibao cha zahanati, kile kitabu cha hadithi cha watoto, nikawa nasema nzuri, nzuri, kama mtu anayepita njia. Niliona vijiguu, nikajua vimetoka wapi, nikaogopa kuangalia zaidi.

Nyuma ya mlango wa karakana ulikuwa umeacha karatasi ya kunakili, imeviringishwa, tangu jioni ile ya mchuzi. Nikaifungua. HENRIETTE, kwa herufi zako, kubwa. Nikazitazama kifundi kwanza. Mstari mwembamba si unywele tena, umeunenepesha kidogo, kiasi cha kuupa nguvu bila kuuharibia uzuri. Vijiguu umevipa kisigino, vinashika mstari kwa mviringo badala ya kuugusa tu, kama mti unavyoingia ardhini. Mikono ya E ni mifupi na imara. Nikasema, hizi zitaishi hata kwenye jiwe bovu. Nikaichukua karatasi na tindo, nikapanda makaburini.

Nilitaka kupima tu. Nilidhani itabidi nilisawazishe jiwe lote, nifute ya zamani, nianze upya. Nikaibandika karatasi yako juu ya jiwe, nikaisogeza kidogo kushoto, na Keza, ikaingia. Kila mstari mnene wako ulikaa juu ya mstari mnene wangu. Herufi ya kwanza, ya pili, ya tisa. Nikarudi nyuma, nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa. Ulipima kutoka kwenye ile karatasi ya mkaa. Hukuchora herufi zile kwanza kisha ukazitafutia kazi. Ulizichora zitoshe hapa, zipite juu ya kazi yangu bila kufuta hata nguzo moja, zirudishe tu kilichopotea. Kadi, kibao, kitabu, vyote vilikuja baadaye.

Na mimi nilikuambia kuhusu chumvi.

Nilikaa chini nikalia. Vizuri, safari hii, kwa sauti, kilio nilichodaiwa tangu ulipokuwa na miaka mitano. Mlinzi wa makaburi alikuja kuniangalia, akaniona mzima, akarudi kwenye kivuli chake, Mungu ambariki.

Nimekata siku nne, kama kile kibao cha viazi. Sikujaza saruji wala rangi. Nilifuata mistari yako, na palipokuwa na tundu nililiacha tundu, kwa kuwa herufi zako zinalivumilia. Leo asubuhi nilikuwa namalizia kijiguu cha E ya mwisho nikasikia wanawake wawili wanapita njia ya juu na majembe, siwajui, wala wao hawanijui. Mmoja alisimama, akatazama kutoka kulekule njiani, akamwambia mwenzake, "Ona, uyu njo Henriette. Banamutengenezea muzuri." Wakaendelea na safari yao.

Ni mara ya kwanza tangu mvua zile kumsikia mtu akilisoma jina lake.

Kwa hiyo kazi ya barua hii ni hii. Basi lako la Kigali linaondoka saa tatu. Shangazi yako atataka tufike stendi saa moja, nimeshamwambia hapana. Saa kumi na mbili na nusu mimi na wewe tutapanda kule juu, masanduku yatatusubiri. Tukifika kwenye ile njia ya juu nitasimama nyuma yako. Usisogee karibu, huna haja. Simama hapohapo njiani, usome kwa sauti, nikusikie.

Umeshakuwa mkubwa, mama. Na herufi za wakubwa ni zako.

Baba yako